Bomba la milimita 25 si inchi moja: jibu kwa mwalimu wa Uru

Swali lenyewe ni hili, kwa ufupi. Mwalimu mmoja anayeishi Uru, juu ya mji wa Moshi, anavuta maji kutoka tanki la kijiji hadi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, umbali wa kama mita 300, na simu yake inamwonyesha kwamba kutoka tankini hadi nyumbani mteremko ni kama mita 60. Mita chache za juu ni bomba la chuma la inchi moja alilolaza baba mkwe wake zamani. Sehemu iliyobaki ilikuwa imeliwa na kutu, akanunua roli tatu za bomba jeusi la plastiki la milimita 25, "kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, hilo nalifundisha mwenyewe darasani". Kule juu fundi alipasha moto ncha ya plastiki, akaisukumia kwenye nipo ya chuma (kipande kifupi cha bomba chenye meno ya kukazia), akafunga kwa mpira wa tyubu na waya. Huku chini, karibu na nyumba, aliweka fitingi ya kubana, ile ya plastiki yenye nati ya bluu, akaizungushia tepu nyeupe ya kutosha. Baada ya hapo likafuata chujio kubwa alilotumiwa na shemeji yake aliyeko Houston. Matokeo: kiungo cha juu kinamwaga, fitingi ya chini imechomoka mara tatu, zote usiku, na nipo ya inchi moja inaingia kwenye chujio mizunguko miwili na ushee kisha inagoma. "Shikamoo fundi. Kosa liko kwa bomba, kwa fundi au kwangu?"

Marahaba, mwalimu. Hesabu yako ya darasani haina kosa. Kilichokuponza ni kwamba "inchi moja" ya bomba haipimi kitu chochote unachoweza kukishika. Chukua kipande cha bomba la baba mkwe, kifute kutu, kipime kwa nje. Utakuta milimita 33.7 hivi. Kipime kwa ndani: kama ni la daraja la kati, lile linalouzwa likiwa na mstari wa bluu, utapata 27 na ushee. Ile 25.4 hutaiona nje wala ndani. Inchi moja ni jina, kama vile mtu anavyoitwa Mrefu tangu utotoni hata kama wenzake wote wamempita kimo.

Jina hilo lilikuwa na maana zamani. Mabomba ya chuma ya mwanzo yalikuwa na kuta nene, na tundu la ndani lilikuwa karibu na inchi inayotajwa. Chuma kilipokuwa bora, kuta zikapunguzwa unene. Watengenezaji wangeweza kupunguza upande wa nje, lakini tredi, yaani yale meno ya kukazia, hukatwa upande wa nje, na tayari dunia ilikuwa imejaa viungo, soketi, elbo na yunioni, vilivyotengenezwa kwa upande huo. Basi nje ikabaki vilevile, tundu likapanuka, na jina halikubadilishwa. Ndiyo maana bomba la nusu inchi lina nje ya milimita 21.3, la robo tatu 26.9, la inchi moja 33.7.

Plastiki ilikuja baadaye na utaratibu wake. Bomba jeusi la roli, ambalo vitabuni huitwa HDPE, na lile la PPR la kuchomelea, yote hutajwa kwa kipimo halisi cha nje kwa milimita. Milimita 25 ni 25 kweli, ukilipima kwa kalipa utaiona. Ila unene wa ukuta unachukuliwa kutoka ndani. Kwa hiyo ukitaka bomba jeusi linalokaribiana na la chuma kwa nafasi ya maji, 20 ni ndugu wa nusu inchi, 25 ni ndugu wa robo tatu, 32 ndiyo inchi moja, 40 ni moja na robo, 50 ni moja na nusu, na 63 ni inchi mbili. Muuza duka akikuuliza "unataka ya ngapi?" ukamjibu kwa inchi, atakutafsiria kimoyomoyo kwa orodha hii. Wewe ulitafsiri mwenyewe kwa rula, ukapata saizi moja chini.

Umepoteza hela? Hapana, na hapa napingana na fundi wako aliyekwambia uyarudishe. Bomba la milimita 25 kama lako, ambalo picha yako inaonyesha limeandikwa SDR 11 (namba ya unene wa ukuta, nitaieleza), lina ukuta wa milimita 2.3 na tundu la milimita 20.4. Kwa mita 300 na mteremko wa mita 60, nimepiga hesabu ya msuguano: litakuletea kama lita 30 kwa dakika, pengine zaidi kidogo ukiliacha wazi kabisa. Ndoo ya lita 20 inajaa ndani ya dakika moja. Kwa nyumba, kuku na ng'ombe wawili inatosha na kubaki. Bomba la 32 la aina hiyohiyo lingekupa karibu mara mbili, ingawa macho yanaona tofauti ya milimita 7 tu. Maji katika bomba hayafuati upana kwa hesabu ya moja kwa moja. Ukizidisha kipenyo mara mbili, bila kubadilisha mteremko, maji yanaongezeka kama mara sita. Kama ungekuwa unamwagilia mboga za kuuza, ningekuambia nunua 32. Kwa matumizi uliyonitajia, baki na ulichonacho na upeleke hela kwenye viungo.

Kwenye PPR ndiko watu wanakoumia zaidi, na hawajui. Ukibomoa bomba la chuma la nusu inchi ndani ya nyumba na kuweka PPR ya 20 ya daraja la presha PN20, unatoka kwenye tundu la milimita 16 na kuingia tundu la 13.2. Nafasi ya maji imepungua karibu theluthi moja, halafu mwenye nyumba analaumu mamlaka ya maji kwamba presha imeshuka. Weka 25, tundu lake ni 16.6, maisha yanaendelea.

Kuhusu maandishi yale yaliyopigwa kwenye bomba jeusi: yasome kabla ya kulipa. SDR ni kipenyo cha nje ukigawanya kwa unene wa ukuta. 25 gawanya kwa 11 ni 2.27, ndiyo ile 2.3. Namba ikiwa ndogo ukuta ni mnene. Bomba la plastiki ya daraja la PE100 lenye SDR 11 hustahimili PN16, yaani baa 16. Lenye SDR 17 hustahimili PN10. (Baa hii ni ya presha, si ya bia.) Kila mita 10 za mteremko ni karibu baa moja, hivyo kwako maji yakisimama presha ni kama baa 6. Uko salama kwa yote mawili. Lakini jirani yako akivuta kutoka juu zaidi, mita 130 kwa mfano, PN10 itapasuka siku moja na atasema ni wivu wa watu. Roli isiyo na maandishi yoyote usiinunue hata kwa nusu bei. Ibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada ukitaka, lakini kidole hakisomi daraja la plastiki.

Sasa viungo. Mimi kila nikikuta kiungo kinachovuja najiuliza maswali mawili kabla sijagusa spana: hapa nani anazuia maji, na nani anashika bomba lisitoke? Mara nyingi hao ni watu wawili tofauti, na fundi kampa mmoja kazi ya mwenzake.

Kiungo cha juu, kile cha moto na mpira wa tyubu, hakina hata mmoja. Plastiki iliyopashwa moto ikavutwa kupanuka imepoteza unene pale pale inapohitajika, na mpira unabana kwa siku chache mpaka jua liulegeze. Nimekiona kiungo cha namna hiyo kuanzia Kiboriloni ya Moshi hadi Ngaramtoni ya Arusha, na najua kwa nini kipo: hakuna duka karibu, na maji yanatakiwa leo. Kama cha siku mbili sina ugomvi nacho. Cha kudumu, rudi kwenye bomba la chuma mpaka soketi ya karibu yenye tredi nzima, fungua hapo, weka bushi ya kushusha kutoka inchi moja hadi robo tatu, kisha adapta ya kubana ya milimita 25 yenye tredi ya nje ya robo tatu. Kama soketi zote zimeng'ang'ana kwa kutu, tafuta fundi mwenye dai (kifaa cha kuchongea tredi), akate ncha iliyooza na kuchonga tredi mpya. Ni kazi ya nusu saa.

Kiungo cha chini ndicho kinachokuamsha usiku, na hiki nataka tukifungue pamoja. Fungua nati yote, toa vitu vyake uvipange juu ya meza. Una mwili wa fitingi. Una oringi, raba nyeusi ya mviringo. Una kibushi kidogo cha plastiki kinachoisukuma. Una pete, mara nyingi nyeupe, iliyokatwa upande mmoja, yenye meno makali kwa ndani. Na una nati. Maji yanazuiwa na oringi peke yake, ikikumbatia ngozi ya nje ya bomba. Bomba linashikwa na pete yenye meno, ambayo nati inaisukuma kwenye mteremko wa ndani ili ijifunge na kuuma. Tredi kati ya nati na mwili hazizuii tone hata moja. Kazi yake ni kusukuma.

Ndiyo maana ile tepu nyeupe aliyoizungusha fundi wako kwenye tredi za nati haikusaidia kitu, na imedhuru. Imefanya nati ikaze mapema, mkono ukahisi imefika, kumbe pete haijauma. Itoe yote. Tepu kwenye nati ya kubana ni kama kuziba tundu la funguo ili mvua isipite mlangoni.

Kosa la pili silioni kwenye picha ila nalihisi, kwa sababu ndilo la kila siku: bomba halikufika mwisho. Oringi inabana sana, fundi anasukuma, anahisi ugumu, anadhani ni ukuta wa mwisho, anakaza. Bomba limeishia mlangoni mwa oringi. Linashika kwa siku kadhaa. Fanya hivi. Kata bomba likiwa mraba, si mshazari. Msumeno wa chuma unafaa, lakini sugua manyoya yote yatoke. Chonga ukingo wa nje kwa kisu uwe na mteremko kidogo, kama unavyochonga penseli, usije ukaikata oringi. Legeza nati mizunguko mitatu minne bila kuitoa. Pima kutoka mdomo wa nati hadi ukuta wa ndani, weka alama kwenye bomba kwa kalamu ya wino. Paka ncha maji ya sabuni. Usipake grisi ya gari, kuna raba ambazo mafuta huzivimbisha na kuziharibu. Sukuma huku ukizungusha kidogo. Utahisi ugumu, hiyo ni oringi, endelea, utahisi inalegea ghafla kisha inagonga. Alama yako ikiwa mdomoni mwa nati, umefika. Hapo ndipo ukaze, kwa mkono kwanza, kisha spana kidogo.

Kabla ya hayo, pitisha kucha kuzunguka ile sehemu itakayokaa kwenye oringi. Bomba lililoburutwa kwenye mawe ya mlimani huwa na mikwaruzo ya urefu, mistari unayoweza kuihisi kwa kucha ingawa jicho halioni vizuri. Kila mkwaruzo ni mfereji mdogo unaopita chini ya raba, kama ile ya mashambani mnayoiita mfongo huko kwenu. Kata sentimita 10, anza na sehemu laini.

Na kwa nini usiku? Hapa ndipo barua yako ilipoanza kunifurahisha, kwa sababu umeandika "zote usiku" kama vile jambo la kishirikina. Kuna sababu mbili na zinakutana saa zilezile. Mchana nyumbani mnachota, maji yanatembea, na yakitembea presha inapotea kwenye msuguano njiani. Saa tano usiku watu wamelala, koki zimefungwa, maji yamesimama, na ile mita 60 yote inakaa juu ya fitingi yako. Ya pili ni baridi. Plastiki hii hufupika ikipoa, kama milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Inaonekana kidogo, mpaka upige hesabu: bomba la mita 100 lililolazwa juani kwenye majani, likashuka nyuzijoto 20 usiku, linataka kufupika sentimita 40. Kama limenyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo, hizo sentimita 40 zinatafutwa kwenye kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo lizike, hata sentimita 50 tu chini ya udongo wa migomba linatulia, na ndani ya mtaro lilaze kwa kupindapinda kama nyoka. Na usiunge ncha mbili saa nane mchana bomba likiwa la moto. Liunge asubuhi.

Tuje kwenye chujio la shemeji. Tredi, ambazo Kiswahili cha kamusi huziita hesi, zina koo mbili kubwa katika mabomba ya maji, na wewe umeozesha koo ambazo hazioani.

Sisi tunatumia ya Kiingereza, BSP. Asili yake ni fundi mitambo Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza tredi za pembe ya nyuzi 55 zenye idadi maalumu ya meno kwa kila inchi, badala ya kila karakana kuwa na zake. Tulizipokea pamoja na utawala wa Mwingereza. Kinachochekesha ni kwamba hata Mjerumani, aliyefikisha reli Moshi mwaka 1911 na anayepima kila kitu kwa milimita, bomba zake anazifunga kwa tredi hizohizo. Ukikuta fitingi ya Ulaya imeandikwa G au R kisha ½, ni ukoo wetu. Wamarekani walikwenda njia yao: William Sellers mwaka 1864 alipendekeza pembe ya nyuzi 60, na tredi zao za mabomba zinaitwa NPT.

Angalia idadi ya meno. Kwenye nusu inchi na robo tatu, BSP ina meno 14 kwa inchi, na NPT pia 14. Kwa hiyo zinaingiana, zinadanganya, na zinavuja, kwa sababu pembe na kipenyo havifanani: nusu inchi yetu ina nje ya milimita 20.96, yao 21.34. Lakini kwenye inchi moja BSP ina meno 11 na NPT ina 11 na nusu. Jino la kwanza linaingia, la pili linaingia, kisha tofauti inajikusanya na meno yanagongana mgongo kwa mgongo. Hiyo ndiyo mizunguko yako miwili na ushee. Fundi alitaka kuongeza bomba kwenye mkono wa spana apate nguvu. Nashukuru ulimzuia.

Mimi sikuzuiwa. Miaka kadhaa iliyopita, Njiro mjini Arusha, niliweka chujio kama hilo kwa mteja mmoja, nipo ikagoma, nikajiambia ni rangi au uchafu, nikakaza. Ilinyamaza. Nikafungua maji, kavu kabisa, nikalipwa, nikaondoka. Asubuhi yake nikaitwa. Mdomo wa chujio ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na sebule ilikuwa na maji ya kufika kwenye soketi za umeme. Chujio nililinunua mimi. Tangu siku hiyo nina kipande cha nipo ya inchi moja ya BSP mfukoni mwa ovaroli. Nikipata kitu nisichojua kabila lake, nalaza tredi zangu juu ya tredi zake, ubavu kwa ubavu, naviinua kuelekea dirishani. Meno yakilala ndani ya mabonde yote bila mwanga kupita, ni ndugu. Mwanga ukianza kuonekana kuanzia jino la nne au la tano, si ndugu. Kwa chujio lako, ambalo tredi ziko ndani, fanya hivyo kwa nipo iliyokuja nalo, kama ipo, au tazama plastiki pembeni mwa mdomo: mara nyingi limechorwa NPT kwa herufi ndogo zilizoinuka.

Dawa ni adapta ya brasi au plastiki, upande mmoja NPT ya nje ya inchi moja, upande mwingine BSP. Ulizia kwa wauza vifaa vya umwagiliaji wanaohudumia mashamba ya maua ya upande wa Arusha. Maduka ya kawaida ya ujenzi watakuambia "zote sawa tu dada".

Kwenye tredi zenyewe, uliza tena maswali yetu mawili. Nipo ya kawaida ya kwetu imechongwa kwa mteremko: kwa kila milimita 16 za urefu kipenyo kinabadilika milimita moja. Inavyoingia inajibana kama kabari, na nafasi ndogo zinazobaki zinazibwa na tepu au katani. Hapo tepu ina kazi halali. Izungushe kuelekea upande wa kukazia, yaani ukiitazama ncha ya nipo, kama mishale ya saa, na ile tepu nyembamba ya bei ndogo inahitaji mizunguko 8 hadi 12, si mitatu. Ukishakaza usirudishe nyuma ili elbo itazame vizuri. Ukirudisha umevunja muhuri, toa yote uanze upya. Lakini kuna tredi nyingine ambazo hazina mteremko, kama zile za mipira ya sinki na nati ya yunioni. Hizo maji yanazuiwa na washa, kile kipete cha raba, iliyoko chini kabisa, na tepu haina kazi. Ikivuja badilisha washa.

Katani naipenda kwa chuma kwa chuma, hasa bomba la zamani lenye tredi zilizochakaa. Kwenye plastiki yenye tredi ya ndani usiiweke kamwe: ikilowa inavimba, na mdomo wa plastiki hauna pa kwenda ila kupasuka. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa na uchaguzi, plastiki iwe na tredi ya nje na chuma kiwe na tredi ya ndani. Chuma kinachoingia ndani ya plastiki kinaitanua kama kabari kwenye gogo. Chujio lako halikupi uchaguzi huo, basi tumia adapta ya plastiki na ukaze kwa mkono na robo mzunguko.

Kabla hujalifunga, tafuta maandishi ya presha. Wamarekani wanaandika kwa psi. Gawanya kwa 14.5 upate baa. Kama limeandikwa 100, hiyo ni karibu baa 7, na wewe usiku una baa 6. Imekaribiana mno kwa kitu cha plastiki ambacho koki ikifungwa ghafla kinapigwa na wimbi la maji. Weka valvu ya kupunguza presha kabla yake, iseti baa 3. Na ujue kwamba chujio la namna hii hushika mchanga na tope tu. Floridi inayotupaka meno rangi sisi wa upande wa Meru haliigusi, ila kwenu umesema shida ni tope la masika, kwa hiyo linakufaa.

Uliuliza pia, mwishoni, kuhusu bomba la shaba la hita ya jua, kama nalo linafungwa kwa fitingi hizi. Nalo ni la kubana, lakini badala ya raba kuna pete ya brasi inayobonyezwa mpaka inajikunja juu ya shaba. Pete hiyohiyo inazuia maji na kushika. Ikishabonyezwa haitoki kwenda kwenye bomba lingine. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha mzunguko mmoja na robo kwa spana, basi. Shaba nayo hupimwa kwa nje, 15 na 22, na ile ya Kimarekani ya "nusu inchi" ina nje ya milimita 15.9, haiingii kwenye pete ya 15. Shemeji akikutumia na hiyo, mwambie asitume.

Orodha yako ya dukani basi: bushi moja ya inchi moja kwa robo tatu, adapta moja ya kubana ya 25 yenye tredi ya nje ya robo tatu kwa kule juu, nyingine kama hiyo kwa chini, valvu ya kupunguza presha ya robo tatu, vipande vya kupandisha kutoka robo tatu hadi inchi moja ya chujio, ile adapta ya NPT, na roli mbili za tepu. Nenda na kipande cha bomba lako mkononi, urefu wa kiganja, na ukivishe fitingi hapo hapo kaunta. Kiungo cha milimita 25 ulichonacho usikitupe. Kama pete haijavunjika na oringi haina mkato, kisafishe kiwe cha akiba.

Mtaro usiufukie siku hiyo. Fungua maji jioni, funga koki za nyumbani, na saa tano usiku toka na tochi na kipande cha karatasi ya chooni. Kipitishe kikavu kuzunguka kila nati, kwa chini hasa, kwa sababu tone dogo jicho halilioni gizani lakini karatasi inalishika. Penye unyevu, kaza robo mzunguko, subiri dakika kumi, pitisha karatasi nyingine. Asubuhi tazama ile alama ya kalamu: kama bado iko mdomoni mwa nati, fukia.